Pumzi na Moyo wa Mtoto Mchanga: Namna ya Kumhuisha na Sababu Zake

Moyo wa mtu mzima mara nyingi husimama kwa sababu ya maradhi ya moyo wenyewe. Kwa mtoto mchanga mambo ni kinyume. Aghalabu moyo wake ni mzima, nao husimama kwa kuwa mapafu yametangulia kukosa hewa. Mtoto amepaliwa na maziwa, ametumbukia katika beseni la maji, au amezaliwa bila ya kulia. Oksijeni katika damu hupungua, mapigo ya moyo huenda polepole, na mwisho hukoma. Tofauti hii ndiyo msingi wa mafundisho yote ya kumhuisha mtoto: kwake yeye pumzi ndiyo dawa ya kwanza.

Muda wa kutenda ni mfupi. Ubongo huanza kudhurika dakika nne hivi baada ya damu kusimama. Mtu aishiye Mbalibali, mkoani Mara, au katika kijiji kingine cha Serengeti na Tarime, hana hakika ya kumfikisha mtoto hospitali ya wilaya katika dakika hizo. Atakayemwokoa ni yule aliye karibu: mama, bibi, jirani au mwanafunzi.

Maumbile ya mtoto

Kichwa cha mtoto ni kikubwa kulingana na mwili wake, na kisogo kimetokeza. Alazwapo chali shingo hujikunja na kuibana njia ya hewa. Kikivutwa nyuma mno, koo lake laini laweza pia kubanwa. Kwa hiyo kichwa huwekwa sawa, uso ukitazama juu, na kidevu huinuliwa kidogo kwa ncha ya kidole. Mwanafunzi wa fizikia ataielewa hatari ya njia nyembamba: upana wa mrija ukipungua kwa nusu, ukinzani dhidi ya mtiririko tulivu huongezeka mara 16.

Mapafu nayo ni madogo. Mtoto wa kilo 5 huvuta mililita 30 hadi 40 za hewa kwa pumzi moja. Mtu mzima huvuta 500 hivi. Hewa iliyo mashavuni mwa msaidizi yatosha. Hewa hiyo bado ina manufaa, kwani hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21, na ile itokayo kinywani mwa mtu ingali na asilimia 16 hivi.

Hatua za kufuata

Hatua hizi zahusu mtoto asiyetimiza mwaka mmoja.

Kwanza, mtoto aitwe na kupigwapigwa nyayo. Asipoitika, msaidizi apige ukelele ili watu waje na mmoja wao atafute simu au usafiri.

Pili, kifua kitazamwe kwa muda usiozidi sekunde 10. Ikiwa mtoto hapumui, au anatweta kwa pumzi za kuachana, kazi ianze mara moja.

Tatu, alazwe chali juu ya kitu kigumu. Msaidizi afunike pua na mdomo wa mtoto kwa pamoja kwa kinywa chake, kisha apulize pumzi 5, kila moja kwa sekunde moja, kiasi cha kuinua kifua tu. Kifua kisipoinuka, kichwa kirekebishwe.

Nne, kama mtoto hajaonyesha dalili ya uhai, kifua kisukumwe. Mikono miwili hukizunguka kifua, na vidole gumba viwili hukandamiza nusu ya chini ya mfupa wa kidari. Asiyeweza kukizungusha mikono hutumia kitako cha kiganja kimoja. Mtindo wa kutumia ncha za vidole viwili uliachwa na mwongozo wa Marekani wa mwaka 2025. Kina ni thuluthi ya unene wa kifua, yaani sentimita 4 hivi, na kasi ni misukumo 100 hadi 120 kwa dakika. Msukumo huubana moyo kati ya kidari na uti wa mgongo, na vali zake huiachia damu njia moja tu. Baada ya kila msukumo kifua kiachwe kirudi, ili moyo ujae tena.

Tano, misukumo 30 ifuatwe na pumzi 2, bila ya kukoma, mpaka mtoto apumue au mhudumu wa afya apokee kazi. Wahudumu waliofunzwa, wakiwa wawili, hutumia misukumo 15 kwa pumzi 2. Miongozo ya Marekani huanza kwa misukumo 30 badala ya pumzi 5. Tofauti hiyo isimbabaishe mtu, kwani pande zote mbili huunganisha pumzi na misukumo.

Mafunzo ya Haydom

Mtoto azaliwapo, mapafu yake yamejaa majimaji. Watoto 85 hivi kati ya 100 hupumua wenyewe, na wengine 10 hupumua wakikaushwa na kusuguliwa mgongo. Watano hivi huhitaji kusukumiwa hewa kwa barakoa, na wanaohitaji kusukumwa kifua hawafiki hata mmoja. Wakunga huiita dakika ya kwanza dakika ya dhahabu.

Mwaka 2009 mafunzo ya kuwasaidia watoto wapumue yalianza kujaribiwa katika hospitali 8 za Tanzania. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha kwamba vifo katika saa 24 za kwanza vilipungua kwa asilimia 47. Lakini hospitali ya Haydom, mkoani Manyara, ilifundisha jambo la ziada. Baada ya mafunzo ya siku moja, wahudumu walifanya vizuri juu ya mwanasesere, ila kazi katika chumba cha kuzalia haikubadilika. Yalipoanzishwa mazoezi mafupi ya mara kwa mara, vifo katika saa hizo 24 vilishuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1000.

Walimu wa sekondari wana somo hapa. Kusoma makala haya mara moja hakumfanyi mtu awe msaidizi. Mwanasesere wa kitambaa aliyejazwa pamba, saa yenye mshale wa sekunde, na robo saa kila mwezi vyatosha kuanzia, chini ya uangalizi wa mhudumu wa zahanati. Mtoto aliye hai asifanyiwe majaribio kamwe.