Kinga ya Kuazimwa

Kifaduro ni maradhi ambayo mtu mzima aweza kuyachukua mwezi mzima na zaidi akidhani ni kikohozi tu cha baridi, na katika nyanda za Iringa na Mbeya, ambako Juni na Julai jamaa wote hujikunyata jikoni kando ya moto, dhana hiyo huingia upesi. Lakini maradhi hayo hayo yakimpata mtoto wa wiki tatu, mambo huwa mengine. Aghalabu mchanga hana nguvu ya kuvuta ile pumzi ndefu yenye mlio ambayo watu huitambua kuwa ndiyo alama ya kifaduro: hukohoa mfululizo mpaka uso ukaiva, kisha midomo ikageuka rangi ya samawati na pumzi ikakatika kwa nukta kadhaa, ilhali mama aliyempakata hakusikia mlio wowote wa kumtahadharisha.

Bakteria wake alitengwa mwaka 1906 na Jules Bordet na Octave Gengou mjini Brussels, na chanjo yake si ngeni kwetu, kwani imo katika mpango wa taifa wa chanjo ulioanza mwaka 1975, na tangu 2009 hutolewa ndani ya pentavalenti, sindano ya pajani ambayo mtoto huchomwa akiwa na wiki 6, 10 na 14. Itazame vema hesabu hiyo. Katika wiki 6 za mwanzo, ambazo ni miongoni mwa zile ambazo kifaduro huua zaidi, mtoto hana chanjo yake mwenyewe hata moja, na hata akiisha kuipata ile ya kwanza, hiyo peke yake haimtoshi.

Basi huishi kwa kinga ya kuazimwa. Katika miezi ya mwisho ya mimba kondo la nyuma huzichukua kingamwili za aina ya IgG kutoka damu ya mama na kuzipitisha kwa mtoto, wala si kwa kuchuruzika ovyo bali kwa kuzisafirisha kwa makusudi, hata mtoto aliyetimiza miezi yake huzaliwa akiwa nazo kwa kiasi kinacholingana na cha mama au kukizidi. Mama hawezi kuazima asichokuwa nacho, na kinga ya kifaduro aliyoipata utotoni hufifia kadiri miaka inavyopita. Ndiyo sababu matabibu walifikiri kumchanja upya akiwa mjamzito, mapema kiasi cha kingamwili kupata nafasi ya kuzalika na kuvuka. Uingereza ilianza Oktoba 2012, katika mwaka ambao kifaduro kiliua watoto wachanga 14, na ilionekana kwamba kwa watoto wa miezi ya mwanzo chanjo ya mama ilizuia takriban visa 9 katika kila 10.

Jambo hilo mama wa Tanzania analijua zamani, ingawa kwa maradhi mengine. Kila mjamzito aendaye kliniki, awe Mafinga au Tukuyu, huchomwa begani sindano ya pepopunda, na nesi huiandika kwenye kadi. Na ni kwa njia hiyo, pamoja na usafi wa kukata kitovu, mwaka 2012 Tanzania ilithibitishwa kuwa imetokomeza pepopunda ya mama na mtoto mchanga. Sindano hiyo siku hizi hubeba na dondakoo. Kifaduro hakimo.

Kukiongeza si jambo la kulikurupukia. Kwanza, kingamwili za mama zilizobaki katika damu ya mtoto huweza kupunguza mwitikio wake anapochanjwa mwenyewe, na ushahidi mwingi wa Ulaya watokana na watoto wanaochanjwa kwa vipande vya bakteria, ilhali wetu huchanjwa kwa bakteria mzima aliyeuawa. Pili, lipo suala ambalo kusini hatuwezi kulifumbia macho: katika uchunguzi wa taifa wa 2016-17, VVU vilikutwa kwa takriban asilimia 11 ya watu wazima wa Iringa na asilimia 9 wa Mbeya, na mama mwenye VVU aghalabu hupitisha kingamwili chache zaidi, hata kama mtoto mwenyewe hakuambukizwa. Malaria iliyokita katika kondo, ambayo ni hatari zaidi kwa wa Kyela kando ya Ziwa Nyasa kuliko kwa wa Mufindi, nayo huweza kuuharibu usafirishaji huo.

Kwa rai yangu hayo ni sababu za kupima, si za kuacha. Kinga ya mama hupungua kwa nusu kila baada ya wiki tano au sita hivi, na haikukusudiwa kamwe kuchukua mahali pa sindano za mtoto. Nawe msomaji mwenye kichanga nyumbani, maadamu kliniki zetu hazimpi mjamzito chanjo ya kifaduro, usimpe mwenye kikohozi akipakate, na wiki ya 6 ikitimia mpeleke akachanjwe siku hiyo hiyo, usingoje mavuno yaishe.