Silikoni si Dawa ya Kila Uvujaji

Katika vikundi vya vijana wa bodaboda tunavyovitembelea, malalamiko fulani hayakosi: injini imefunguliwa, imefungwa, na baada ya wiki chache imenoki. Fundi hulaumu spea bandia, naye mwenye pikipiki humlaumu fundi. Wakati mwingine chanzo ni kitu kidogo sana, yaani ile silikoni ya tubu ambayo hupakwa kila mahali ati oili isivuje. Anayeumia ni mwenye pikipiki, na mara nyingi pikipiki yenyewe bado iko kwa mkopo.

Kwanza tuelewe kazi ya gasketi. Vyuma viwili hata vikilainishwa namna gani, huacha vijinafasi visivyoonekana kwa macho, na gasketi ndiyo huvijaza. Lakini iko kazi nyingine ambayo wengi huisahau: unene wa gasketi ni kipimo. Ile ya chini ya bloku ikiachwa na silikoni kupakwa mahali pake, bloku inashuka na kichwa pamoja nayo, pistoni inafika karibu zaidi na valvu, na kwa injini zenye cheni ya kamu hata wakati wa valvu kufunguka unasogea. Vivyo hivyo karatasi iliyo kati ya nusu mbili za krankikesi. Ukiiondoa, shafti za ndani zaweza kubanwa na gia zikawa ngumu. Kwa hivyo pale kiwanda kilipoweka karatasi, irudishwe karatasi mpya ya unene ule ule. Ipakwe grisi kidogo tu ili isisogee wakati wa kufunga.

Basi silikoni ni ya wapi? Kuna injini ambazo nusu za krankikesi hukutana chuma kwa chuma, bila karatasi. Hapo gundi ya injini ndiyo huzuia oili, na haina budi kuwepo. Lakini kwa gasketi ya kichwa, hapana kabisa. Silikoni nyingi za injini huvumilia joto la nyuzi 250 hadi 300 hivi, na moto wa ndani ya silinda hupita hapo kwa mbali. Gasketi hiyo hufungwa kavu, isipokuwa kiwanda kimesema vingine. Kwenye kabureta pia isitumike, kwa maana petroli huifanya ivimbe na kulegea.

Ubaya mkubwa uko katika ile inayozidi. Bolti zikikazwa, silikoni hutoka pande zote mbili. Ya nje unaiona, unaipangusa. Ya ndani huioni. Hukauka ikining'inia kama uzi, siku moja inakatika na kuchukuliwa na oili hadi kwenye chujio. Injini hizi ndogo hubeba kama lita moja tu ya oili, na katika nyingi oili hupanda kichwani kwa njia nyembamba kando ya mojawapo ya zile bolti ndefu. Njia hiyo ikizibwa, kamu na roka huzunguka kavu.

Tumeyaona haya kwa kijana mmoja wa kikundi, mwenye pikipiki ya 150cc. Wiki ya pili baada ya matengenezo, kelele ilianza juu ya injini. Ilipofunguliwa, chujio lilikuwa limejaa vipande vyekundu kama maganda ya nyanya, na kamu imelika. Pikipiki ilikaa mwezi mzima bila kazi, na mkopo haukungoja.

Sasa kazi yenyewe. Gasketi ya zamani ikwanguliwe pole pole kwa kitu kisichokwaruza, si kwa bisibisi, kwa maana alumini ni laini. Panguseni mafuta yote kwa kitambaa chenye petroli, mbali na jiko na sigara, kisha acheni pakauke. Gundi ipakwe upande mmoja tu, nyembamba, izunguke matundu ya bolti na isikaribie matundu ya oili. Bolti zikazwe kwa mshazari, kidogo kidogo, si moja hadi mwisho ndipo nyingine. Halafu ikae. Nyingi huhitaji saa 24 kukauka vizuri, someni tubu. Na ile ya kuzibia madirisha, yenye harufu ya siki, msiinunue ingawa ni rahisi. Asidi yake hula chuma, wala haikutengenezewa oili moto.

Tuseme ukweli, si fundi peke yake. Mwenye pikipiki husimama pale akisema, "Harakisha, wateja wananipita," na fundi humaliza jioni ile ile.

Kama oili inavuja hata baada ya gasketi mpya, tafuteni sababu kabla ya kuongeza silikoni. Huenda kifuniko kimepinda. Kilazwe juu ya kioo ili kionekane kama kinacheza. Au ni oili sili ya shafti iliyochoka, na hiyo dawa yake ni kubadilishwa.

Baada ya siku chache za kwanza za kazi, mwageni oili mapema na kukagua chujio. Kikionekana hata kipande kimoja cha silikoni, injini isiwashwe tena mpaka kifunguliwe kile kifuniko kilikotoka.