Mpige Picha Ubavu wa Kulia

Mwishoni mwa Januari 2016, watu zaidi ya 500 walitawanyika kaskazini mwa Kenya kwa siku mbili, kamera mkononi. Walikuwamo wanasayansi na askari wa wanyamapori, lakini wengi walikuwa raia wa kawaida: wafugaji, wanafunzi, wazazi na watoto wao. Agizo lilikuwa moja: ukimwona punda milia wa Grevy, mpige picha ubavu wa kulia.

Huyu si punda milia tuliyemzoea wa Serengeti au Maasai Mara. Masikio yake ni makubwa na ya mviringo, milia yake ni myembamba na imesongamana, na tumbo lake ni jeupe. Mwishoni mwa miaka ya 1970 walikadiriwa kuwa 15,000 hivi. Wakawindwa kwa ajili ya ngozi, kisha malisho na maji yakawa haba. Kati ya waliobaki, zaidi ya asilimia 90 wako Kenya, na wengine Ethiopia.

Kwa nini ubavu wa kulia? Milia ya kila mnyama ni yake peke yake, kama alama za vidole, na ya kulia haifanani na ya kushoto. Mtu mmoja akipiga kushoto na mwingine kulia, punda mmoja atahesabiwa kuwa wawili. Kamera zilirekodi pia saa na mahali, na picha zipatazo 40,000 zikapitishwa kwenye programu ya kompyuta inayolinganisha milia.

Lakini hakuna anayeweza kumpiga picha kila punda katika nyika ile, na hapo ndipo siku ya pili inapohitajika. Tuseme siku ya kwanza wametambuliwa punda 100, na ya pili 80. Kati ya hao 80, 40 walishaonekana jana. Basi nusu ya wanaokutana na kamera ni wale wale wa jana. Kwa hiyo wale 100 ni kama nusu ya wote, na jumla inakaribia 200. Hivi ndivyo walivyokadiriwa punda 2,350 nchini Kenya mwaka 2016. Zoezi liliporudiwa mwaka 2018, makadirio yalifika 2,812.

Thamani ya takwimu za aina hii huonekana ugonjwa unapoingia. Kati ya Desemba 2005 na Machi 2006, kimeta kiliua zaidi ya 50 kati ya punda hawa huko Samburu, kaskazini mwa Kenya, ikabidi mamia wachanjwe. Kimeta hakichagui: huua ng'ombe na mbuzi, na humpata binadamu anayechuna au kula mzoga. Bila kujua walikuwapo wangapi, nani angepima ukubwa wa hasara ile? Mfugaji anayeripoti mzoga mapema analinda wanyamapori, na analinda pia boma lake. Ndiyo maana naamini matokeo ya hesabu hizi lazima yarudi kwa wafugaji, kwa lugha yao, kabla hayajawekwa kwenye makabrasha ya ofisini.

Anayeishi mbali na Samburu naye ana kazi. Kupitia iNaturalist, programu ya simu isiyo na malipo, mtu yeyote hutuma picha ya ndege, kipepeo au mjusi wa uani kwake, na wengine humsaidia kumtambua. Picha bila tarehe na mahali ina faida ndogo sana kwa mtafiti. Usibadilishe saa, usikisie mahali, wala usidharau kiumbe kwa kuwa umemzoea. Kupungua kwa waliozoeleka hugunduliwa tu pale walipoandikwa walipokuwa wengi.

Ukimwona faru au kakakuona, hata hivyo, tahadhari. Programu hiyo huficha mahali hasa walipo viumbe walio hatarini, lakini makundi ya WhatsApp na Facebook hayafanyi hivyo, na majangili nao wana simu. Mpe taarifa askari wa wanyamapori, na mahali pale usipatangaze.