Kingereza mu mugodi: hesabu sauti, usihesabu herufi

Wandugu wafanyakazi, mu migodi ingine wakubwa wanasemaka kingereza mu redio. Mwenye mashine akisikia vibaya, si mashine tu itaumia. Basi tujifunze kusikia.

Kiswahili kina bahati: silabi zinahesabiwa na vokali. Ka-zi, mbili. Mu-go-di, tatu. Kingereza hakina huruma ile. «Area» ina herufi ine, silabi tatu. «Strength» ina herufi munane, silabi moja peke yake! «Safe» sisi tungesoma sa-fe. Wao wanasema pigo moja, e ya mwisho haisemwi. Waliosoma kifaransa wanajua tabia ile.

Kuna hila nyepesi, hata watoto nyumbani wataipenda. Weka mukono chini ya kidevu, sema neno pole pole, hesabu kidevu kinashuka mara ngapi. «Stop», mara moja. Lakini sisi tunasemaka «sitopu», pigo moja linakuwa tatu, na mugeni anabaki anashangaa. «Checked» ni moja, «loaded» ni mbili: -ed inahesabiwa tu kama mbele yake kuna sauti ya t ao d.

Sasa hatari yenyewe: namba. «Fifteen» ni 15, «fifty» ni 50. Silabi mbili kwa mbili, kidevu hakisaidie kitu. 50 inakazwa mbele. 15 inakazwa nyuma, na iko na n ya mwisho. Lakini neno ingine likifuata, kama vile dakika, Mungereza mwenyewe mara nyingi anahamisha nguvu mbele. Inabakia ile n tu, na kelele ya kamiyo inaimeza. Kuambiwa baruti italipuka kisha dakika 15, na weye unasikia 50, ni mambo ya kucheka? Ni vile vile kwa 13 na 30, mpaka 19 na 90.

Wapiloti wa ndege walitafuta dawa zamani. Mu redio wanataja tarakimu moja moja: «one five», «five zero». Hata 9 wanaiita «niner», silabi mbili, kusudi isichanganyike na ingine. Na mwenye kupokea anarudilia namba aliyosikia.

Wadelege, mu komite ya usalama ombeni ile ile: tarakimu moja moja, kurudilia, na namba za baruti zitajwe pia mu kiswahili. Haiombi franka hata moja.