Chaja ya Motokaa Ikikataa, Isilazimishwe

Kojani si mahali pa motokaa. Kisiwa ni kidogo, nyumba zake zimebanana, na mtu atakaye kwenda Wete au Chake Chake hana budi kupanda chombo kwanza, akavuka ule mlango wa bahari, ndipo akutane na barabara. Basi pengine baadhi ya wasomaji wetu watastaajabu kuona tumeleta hapa khabari ya chaja za motokaa za umeme, kisha tukaitaja Kojani. Twawaomba watustahamilie kidogo.

Wakojani ni watu wa bahari, na watu wa bahari hawakai pahali pamoja. Tangu zamani huenda dago wakifuata samaki katika pwani za mbali, na vijana wao huhamia mijini na hata ng'ambo kutafuta riziki. Kijana akijaaliwa hununua gari, na siku hizi gari hilo huenda likawa la umeme. Magari haya yamekwisha ingia Afrika Mashariki. Mjini Nairobi mabasi ya umeme ya kampuni ya BasiGo yalianza kubeba abiria mwaka 2022. Ethiopia mwaka 2024 ilipiga marufuku kuingizwa motokaa za petroli na dizeli za watu binafsi. Na Nissan Leaf zilizokwisha tumika huagizwa Japani kama ziagizwavyo gari nyingine. Gari la Mkojani halitavuka kwenda kwao. Litalazwa upande wa pili, uani kwa shemeji au kwa rafiki, na usiku waya utapitishwa dirishani mpaka kwenye soketi ya chumba wanamolala watoto. Khatari tunayotaka kuisema imo ndani ya chumba hicho.

Chaja ya kubebeka ni waya mrefu wenye kisanduku katikati. Ncha moja ina plagi ya kutia ukutani, na ncha ya pili ina plagi kubwa ya kutia garini. Wengi huichukulia kuwa ni ndugu wa chaja ya simu, na hapa ndipo makosa yaanzapo. Chaja ya simu hula umeme wa wati 10 au zaidi kidogo. Chaja ya gari, hata ile ndogo ya ampea 10, kwa umeme wetu wa volti 230 hula wati 2,300. Mama zetu watasema kwamba hata birika la umeme hula karibu ya hivyo, na ni kweli. Lakini birika hufanya kazi dakika chache, likachemka, likapumzika. Leaf ya zamani ina betri ya uniti 24, na kuijaza kutoka kapa kwa ampea 10 huchukua zaidi ya saa kumi. Soketi iliyolegea, ambayo kwa birika haikupata nafasi ya kuwa moto, itapata nafasi hiyo usiku kucha. Na joto la umeme halipandi kama tudhaniavyo: ukiuzidisha umeme mara mbili, joto katika kiungo kibovu huzidi mara nne.

Nyumba nyingi za zamani ziliungwa waya kwa hisabu ya taa chache na redio. Pemba ilipata umeme wa uhakika zaidi mwaka 2010, ulipofika waya wa chini ya bahari kutoka Tanga wenye uwezo wa megawati 20. Kabla ya hapo kisiwa kilitegemea majenereta ya dizeli. Umeme umezidi, lakini nyaya za ndani ya kuta katika nyumba nyingi ni zile zile. Tena kuna chumvi. Kila mwenye chombo ajua jinsi shaba inavyoota kijani kwa hewa ya bahari. Shaba iliyomo ndani ya soketi haina kinga zaidi ya ile ya mtumbwini.

Sasa tukitazame kile kisanduku, maana thamani yote ya chaja imo humo. Kisanduku kizuri hakitoi umeme mara tu kitiwapo ukutani. Kwanza hupiga hodi. Hupeleka ishara ndogo ya volti 12 katika waya mwembamba wa peke yake. Gari likiunganishwa, ishara hushuka ikawa 9. Gari likiwa tayari kupokea, ikawa 6. Hapo tu ndipo swichi ya ndani hufunga na umeme mkubwa hupita. Ndiyo sababu mtu akiishika plagi ya upande wa gari iliyo wazi hakuti umeme ndani yake, maadamu chaja ni nzima na ni ya kweli. Kadhalika kisanduku hulinganisha wakati wote umeme uendao na umeme urejeao. Ukipungua kwa kiasi cha miliampea 30, yaani umevuja mahali, pengine katika mwili wa mtu, hukata mara moja. Na chaja nzuri huyafanya hayo baada ya kuhakikisha jambo la tatu: kwamba soketi ina waya wa ardhi, ule ambao mafundi wetu huuita ethi.

Ikiwa waya wa ardhi haupo, chaja nzuri hukataa. Huwasha taa nyekundu na kunyamaza. Mwenye gari hukasirika, akasema, "Nimetoa pesa nyingi kwa kitu kibovu!" Akaazima ya jirani, ya bei rahisi, isiyopima chochote, nayo ikawaka kijani pale pale. Basi akaihukumu ile ya kwanza kuwa ni mbovu na hii kuwa nzima. Sisi twasema hukumu hiyo imegeuzwa juu chini. Chaja iliyokataa ndiyo iliyofanya kazi yake, na iliyokubali ndiyo ya kuogopwa.

Liko jambo baya zaidi ya hilo, nalo hufanywa na mafundi wasiomcha Mungu katika kazi zao, au wasiojua. Mwenye gari akimwambia fundi kwamba chaja inakataa, fundi hufungua soketi, akachukua kipande kifupi cha waya, akaunganisha tundu la ardhi na tundu la umeme urejeao, ule uitwao nyutro. Kazi ya dakika tano. Chaja ikipima huona kama kwamba ardhi ipo, ikawaka kijani, na fundi akashukuriwa na kulipwa.

Twawaomba wasomaji wafuate vizuri tutakayosema, kwani roho za watu zimo hapa. Maadamu waya wa kurejea ni mzima, hakuna atakayeona dalili yoyote. Lakini siku waya huo utakapokatika, kwa upepo wa kusi uliovuta nguzo au kwa kutu iliyoula katika kiungo, umeme utakosa njia ya kurejea. Utapanda kwa kile kipande cha waya, ukaingia katika njia ya ardhi, ukafika mpaka bodi la gari. Magurudumu ni ya mpira, hayaupeleki ardhini. Basi gari lote litasimama pale uani likiwa na umeme, kimya, likingoja mtu wa kuligusa. Na kile kipimo cha uvujaji hakitaona kitu, kwa sababu ndani ya kisanduku hisabu ya uendao na urejeao itabaki sawa sawa. Mtoto ametoka kuoga, miguu mitupu, ardhi imelowa kwa mvua ya masika, akaweka mkono mlangoni mwa gari. Hatuna haja ya kuyamaliza maneno haya.

Dawa yake ni kutia ethi ya kweli, na fundi aipime kwa chombo cha kupimia ardhi, si kwa kukisia. Katika ardhi ya mawe ya matumbawe na mchanga mkavu, kama ilivyo sehemu nyingi za mwambao wetu, fimbo moja fupi ya shaba haitoshi. Huenda zikahitajika mbili au tatu, zikafungwa pamoja na kuzamishwa mpaka penye unyevu. Ni gharama, lakini ethi hiyo hulinda nyumba nzima, pamoja na friji na pampu ya maji, wala si gari tu.

Chaja nyingi hukataa pia umeme wa jenereta dogo. Jamaa zetu wa Unguja wanakumbuka miezi ile ya giza, Desemba 2009 hata Machi 2010, waya wa baharini ulipoharibika, na jinsi kila aliyeweza alivyonunua jenereta. Majenereta hayo madogo kwa kawaida hayana waya uliofungwa na ardhi, ndiyo maana chaja huyakataa. Kulisha gari kwa jenereta la petroli ni jambo la kuchekesha kidogo, lakini limekwisha fikiriwa na wengi, na huko nako ile hila ya kipande cha waya hufanywa.

Ama katika kununua, nchi ya ununuzi ina maana kubwa. Chaja iliyonunuliwa Maskati au Dubai kwa ajili ya nyumba za huko itaelewana na ukuta wetu, kwa sababu Oman na Imarati hutumia plagi ya Kiingereza ya pini tatu kama sisi, na volti zao ni karibu na zetu. Ile ijayo pamoja na Leaf ya Japani ni khabari nyingine. Wajapani majumbani wana volti 100, na waya wa gari lao kwa kawaida ni wa volti 200 na ampea 15, wenye plagi yake ya peke yake. Fundi huikata plagi hiyo akafunga ya Kiingereza, ambayo mwisho wake ni ampea 13. Sasa plagi ya 13 inabebeshwa 15 usiku mzima, na waya uliofanywa kwa volti 200 unatiwa 230. Na mtu asidhani kwamba fyuzi itamwokoa. Fyuzi ya 13 huweza kubeba 15 kwa saa nyingi bila ya kukatika, na plagi ikayeyuka kabla yake. Waya huo na uachwe. Inunuliwe chaja iliyotengenezwa kwa umeme wetu.

Itazamwe pia plagi ya upande wa gari. Leaf itokayo Japani ina Aina ya 1, yenye pini tano. Magari mengi ya Ulaya yana Aina ya 2, yenye pini saba. Magari yaliyofanywa kwa soko la China yenyewe yana plagi ya GB/T, ambayo kwa mbali yafanana na Aina ya 2 lakini haiingiliani nayo. Anayenunua chaja kwanza ajue tundu la gari lake.

Juu ya kisanduku itafutwe nambari IEC 62752. Hiyo ndiyo kanuni ya kimataifa iliyotolewa mwaka 2016 khasa kwa chaja hizi za kubebeka. Alama ya CE peke yake isimtulize mtu. Hiyo katika vitu vya namna hii ni ahadi ya mtengenezaji mwenyewe, na kila mmoja wetu ajua ahadi za wachuuzi. Chaja yenye kuchagua ampea, yaani 6, 8, 10 au 13, ni bora kuliko ya kiwango kimoja, kwa sababu katika nyumba ngeni mtu huanza na 6 au 8. Yenye kipimo cha joto ndani ya plagi ya ukutani ni bora zaidi, nasi tungelipia ziada kwa hilo kabla ya kulipia kioo cha rangi au programu ya simu. Waya wa kurefushia uliozungushwa kwenye kigurudumu chake usitumiwe kabisa. Joto hukusanyika katikati ya mizunguko.

Baada ya nusu saa plagi ya ukutani iguswe kwa mgongo wa mkono. Ikiwa vuguvugu, si neno. Ikiwa haishikiki, izimwe, na soketi ibadilishwe. Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuzima taa tulalapo, kwa kuchelea panya kuukokota utambi na kuwaunguza wenye nyumba. Taa zimebadilika, usingizi haukubadilika. Twaona ni vyema kuanza kuchaji baada ya alasiri, wakati watu wako macho, ili zile saa za mwanzo zipite mtu akiwapo wa kugusa na kunusa.

Limebakia neno la adabu. Gari kujazwa kwa mwenyeji si sawa na simu kujazwa. Usiku mmoja wa saa nane kwa ampea 10 ni uniti 18 na zaidi, nazo zimo katika Tukuza ya mtu aliyezinunua kwa pesa zake. Mgeni aombe ruhusa kwa kutaja kiasi, tena alipe asubuhi bila ya kungoja kuambiwa, kwa kuwa mwenyeji wa Kipemba hatasema. Ama soketi ya msikiti, umeme wake umetolewa kwa ajili ya wenye kuswali, na motokaa haiswali.

Na mwenye kuvuka kwenda Kojani na chaja yake, kwa kuogopa kuiacha garini, aitie katika mfuko usiopitisha maji, aifunge barabara kabla ya kuingia chomboni. Maandiko ya IP67 juu ya kisanduku yahusu kisanduku. Pini za plagi ziko wazi. Ikirushiwa maji ya bahari isitiwe ukutani, hata ikionekana imekauka, mpaka fundi ameifungua na kuitazama.