Homa isiyokwisha: Usiilaumu malaria kila mara

Mwaka jana alikuja kwangu kijana mmoja anayechonga mawe katika machimbo ya Juja. Alikuwa na homa ya miezi miwili. Mfukoni alikuwa na karatasi nne za zahanati mbalimbali kati ya Thika na Ruiru, na zote zilisema jambo lile lile: malaria na taifodi. Alikuwa amemaliza dawa za malaria mara tatu na dawa za kuua bakteria kwa wiki mbili. Homa ilipungua siku moja mbili, kisha ikarudi jioni. Suruali yake ilikuwa imefungwa kwa kamba kwa jinsi alivyokonda.

Nami, msomaji, sikufanya vizuri zaidi siku ile. Nilimpima damu tena na kumpa vidonge vya kuongeza damu. Aliporudi baada ya wiki moja akitokwa na damu puani, ndipo nilipomlaza kitandani nikampapasa tumbo. Chini ya mbavu za kushoto kulikuwa na kitu kigumu kilichoteremka hadi karibu na kitovu. Hiyo ilikuwa bandama, ambayo wengine huiita wengu. Ndipo nikamwuliza swali lililopaswa kuwa la kwanza: kwenu ni wapi, na mara ya mwisho ulikuwa huko lini? Akanijibu kwamba kwao ni kaskazini ya Mwingi, na kwamba kabla ya kuja machimboni alikaa huko miezi minne akichunga mbuzi wa babake.

Ugonjwa wake ulikuwa kala-azar. Jina hilo limetoka Bara Hindi na maana yake ni homa nyeusi. Huletwa na kimelea kidogo sana kiitwacho leishmania, kinachoingia ndani ya chembe nyeupe za damu, zile zile zinazopaswa kutulinda, na kuzaana humo. Kutoka hapo hujaza bandama, ini na uboho wa mifupa. Mgonjwa hupungukiwa na damu, hukonda, na mwishowe hufa, mara nyingi kwa nimonia au kuharisha. Bila matibabu, zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100 hufa.

Anayekisambaza ni usubi, yaani inzi wa mchanga, mdudu mdogo kuliko mbu ambaye haimbi masikioni. Huku kwetu hupenda kujificha mchana katika nyufa na mashimo ya vichuguu. Mlipuko mkubwa ulipotokea Kitui katika miaka ya 1952 na 1953, ni Dakta R. B. Heisch aliyeonyesha uhusiano wa ugonjwa huu na vichuguu hivyo. Wachungaji na wazee waliokaa juu yake jioni wakipiga gumzo walikuwa wakiumwa bila kujua. Leo ugonjwa bado uko Baringo, Pokot Magharibi, Turkana, Wajir, Marsabit na sehemu za Ukambani.

Utasema hayo ni ya mbali. Lakini barabara ya Garissa huanzia hapa Thika na kupita Matuu na Mwingi, na matatu hujaa kila Ijumaa. Kimelea nacho hakina haraka: dalili huanza miezi miwili hadi sita baada ya kuumwa, wakati mwingine zaidi. Mtu huambukizwa nyumbani Desemba akaugua Ruiru mwezi Mei, na hapo hakuna anayekumbuka safari.

Malaria kali huua kwa siku chache. Homa inayokokota miezi miwili si kawaida yake. Na kile kipimo cha Widal kinachopendwa sana mitaani, kisikutie hofu wala kukupa faraja. Hutoa jibu la taifodi kwa watu wengi wasio nayo. Kala-azar ina kipimo chake cha haraka cha tone la damu ya kidole, ingawa kwa watu wa Afrika Mashariki hukosea mara nyingine, na daktari akishuku bado itabidi atoe majimaji ya bandama au ya uboho ili kumwona mdudu mwenyewe.

Kuhusu tiba, kwa miongo mingi tulitegemea stiboglukoneti, dawa yenye madini ya antimoni: sindano kila siku kwa siku 30. Huuma, na huweza kudhuru moyo, ini na kongosho. Mama atamlaza mtoto wodini mwezi mzima, je, wale aliowaacha nyumbani watalishwa na nani? Maskini wa nyikani si mteja anayekimbiliwa na makampuni ya dawa. Shirika la DNDi, ambalo KEMRI ni mmoja wa waasisi wake tangu 2003, lilijaribu kuchanganya dawa hiyo na paromomisini katika Kenya, Uganda, Sudan na Ethiopia. Muda ukapungua hadi siku 17, na mwaka wa 2010 Shirika la Afya Duniani likapendekeza mchanganyiko huo. Kijana wangu alitibiwa kwa huo.

Majaribio mengine, yaliyofanywa pia Kacheliba huko Pokot Magharibi, yalitumia paromomisini pamoja na vidonge vya miltefosini kwa siku 14. Zaidi ya wagonjwa 90 katika 100 walipona, na sindano moja ya kila siku ikaondoka. Vidonge hivyo lakini humdhuru mtoto tumboni, kwa hiyo mja mzito hapewi. Yeye hupewa AmBisome kwa mshipa, dawa ambayo kule India dozi moja hutosha lakini huku haitoshi. Dawa ya kumeza pekee, isiyo na sindano hata moja, bado inajaribiwa.

Homa ikipita wiki mbili, usinunue dozi nyingine dukani. Nenda hospitali, mtajie daktari kila mahali ulipolala katika mwaka uliopita, na asipokupapasa tumbo, mwombe. Ukienda nyumbani, lala ndani ya chandarua chenye dawa, hata kama hakuna mbu. Na aliyekwisha kutibiwa arudi kupimwa baada ya miezi sita, au mapema zaidi homa ikirejea au akiota vipele usoni.