Kicheko Kinachoingia Nyumbani Mwetu

Nyumba isiyo na kicheko ni baridi. Baada ya kutwa nzima ya kupalilia migomba na maharage, kuchota maji na kupika, nani asiyependa kucheka pamoja na watoto wake? Sisi tunaoishi Mabawe, wilayani Ngara, tulianza kwa kuchekea redioni. Tuliwasikiliza Pwagu na Pwaguzi wa Redio Tanzania Dar es Salaam, kabla televisheni haijaanza Tanzania Bara mwaka 1994. Siku hizi picha zinatufikia kwa ving'amuzi na hata kwa simu za mkononi. Vichekesho ni vingi, na kwa hiyo inatupasa kuchagua.

Tunavyovipenda

Tunampenda marehemu Amri Athumani, yaani King Majuto wa Tanga, aliyefariki mwaka 2018. Mara nyingi aliigiza mzee mchoyo au mjanja, anayenaswa na ujanja wake mwenyewe. Tunaupenda pia mchezo wa Kenya, Vioja Mahakamani, ambamo mshitakiwa hujichanganya kwa uongo wake mbele ya hakimu. Naye Mr. Bean wa Uingereza, aliyeigizwa na Rowan Atkinson kuanzia mwaka 1990, husema maneno machache mno. Hivyo bibi anayejua Kihangaza tu hucheka sawasawa na wajukuu zake. Humo tunacheka uchoyo, uongo na majivuno, mambo ambayo kila mmoja wetu anayo kidogo.

Tusivyovipenda

Lakini viko vichekesho vya namna nyingine. Kigugumizi, chongo na kuchechemea hufanywa mzaha. Mke anapigwa kofi, na papo hapo sauti za vicheko zinasikika. Wengine husema, "Ni mchezo tu." Sisi hatukubali. Mtoto hajifunzi kwa maneno yetu peke yake. Hujifunza pia kwa kile anachotuona tukikicheka. Tumewaona watoto wakimwiga mwenzao mwenye kigugumizi kama walivyoona katika picha. Mtoto yule akaanza kunyamaza darasani hata pale alipolijua jibu. Mama yake hakuona cha kuchekesha. Na binti anayemwona mama yake akicheka mke anapopigwa, siku atakapopigwa yeye atamweleza nani?

Tufanyeje?

Kuzima televisheni kila mara si dawa. Watoto watakwenda kuangalia kwa jirani au kwenye kibanda cha video, na huko hatutakuwapo. Afadhali tukae nao, na baba akiwapo naye akae. Mchezo ukiisha tuwaulize: Tumemcheka nani? Je, kama angekuwa ameketi hapa pamoja nasi, naye angecheka? Jibu likiwa hapana, hapo pana mazungumzo ya jioni nzima. Na wewe mama, kicheko cha namna hiyo kikija, usicheke. Watoto wanakutazama wewe kuliko wanavyoitazama televisheni.